Waliowafuata Mbu kutoka Bungoma hadi Kitale

Mwaka 1918 na 1919, askari na wapagazi wa Nandi walipokuwa wakirejea makwao kutoka vita vya Tanganyika, homa iliingia vijijini pamoja nao. Waliugua wazee na watoto kwa wakati mmoja, kwa kuwa katika nyanda zile za juu malaria haikuwa maradhi ya kila mwaka na miili ya watu haikuwa imeizoea. Hiyo ndiyo milipuko ya kwanza ya malaria iliyoandikwa katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. A. T. Matson, aliyechapisha historia ya malaria katika Nandi mwaka 1957, aliihusisha na marejeo hayo ya wanajeshi. Lakini askari mwenye vimelea damuni hawezi kumwambukiza jirani yake hivi hivi tu. Lazima awepo mbu wa kumnyonya huyu, akae hai siku za kutosha, kisha amuume yule. Je, mbu huyo alikuwa akiishi huko juu tangu zamani, au alipanda mlima siku za karibuni? Hakukuwa na rekodi ya kulijibu swali hilo, kwa sababu kabla ya vita hakuna aliyewahi kwenda kuwatafuta mbu wa huko nyumba kwa nyumba na kuandika alichokipata.

Swali hilohilo limewaandama watu wa Bungoma na Trans Nzoia kwa zaidi ya miaka mia moja, na naamini pengo lililoliacha bila jibu ndilo jambo kubwa katika historia hii. Ramani ya mbu tuliyonayo leo inatuonyesha mbu wanakoishi, lakini inatuonyesha zaidi wanadamu walikofika wakiwa na chupa, kalamu na darubini.

Anayepanda matatu Webuye kuelekea Kitale, akapita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, huiona miwa ikipungua na mahindi yakitanda, na jioni hutafuta sweta. Mji wa Bungoma uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, nao Kitale karibu mita 1,900. Kwa kila mita 100 za kupanda, joto hushuka kwa zaidi kidogo ya nusu digrii, kwa hiyo tofauti ya miji hii miwili ni kama digrii tatu. Kwa msafiri si kitu. Kwa kimelea cha malaria ni suala la kufa na kupona. Plasmodium falciparum, ambaye ndiye muuaji mkubwa katika Afrika, huhitaji siku kama 12 kukomaa ndani ya mbu joto likiwa nyuzi 25. Likiwa nyuzi 20 huhitaji kama siku 28, na likishuka kukaribia nyuzi 16 hakomai kabisa. Mbu jike wengi hufa kabla ya kufikisha umri huo wa siku 28. Ndiyo maana mahali penye mbu wengi panaweza kukosa malaria, na ndiyo maana mwaka mmoja wa joto lisilo la kawaida na mvua nyingi unaweza kuleta msiba mahali ambapo daktari amezoea kuona wagonjwa wachache tu.

Majina ya mbu wenyewe yalitolewa mbali na hapa. Ronald Ross aliona vimelea vya malaria katika tumbo la mbu huko Secunderabad, India, tarehe 20 Agosti 1897, na tangu siku hiyo madaktari wa dola za kikoloni walianza kuwakamata mbu na kuwatuma Ulaya wakiwa wamekaushwa. George Giles, daktari Mwingereza wa jeshi aliyegeuka mtaalamu wa mbu, ndiye aliyempa jina Anopheles funestus mwaka 1900 na Anopheles gambiae mwaka 1902, akitumia sampuli kutoka Afrika Magharibi. Wawili hawa ndio waliokuja kujulikana kuwa wabebaji wakuu wa malaria kutoka Senegali hadi Ziwa Viktoria. Tabia zao hazifanani. Gambiae hupenda maji machache yanayopigwa na jua: nyayo za ng'ombe zilizojaa mvua, alama za magurudumu ya lori, shimo lililochimbwa tope la matofali. Funestus hutafuta maji yasiyokauka, yenye majani na nyasi kingoni. Basi mtu akiligusa tope la nchi, akalima bonde, akachimba barabara au kujenga bwawa, huwa amegusa pia ramani ya mbu, ajue asijue.

Na katika miaka ya 1920 tope la sehemu hizi liliguswa sana. Walowezi wengi waliokuwa wanajeshi waligawiwa mashamba ya Trans Nzoia baada ya vita. Reli ya tawi ilifika Kitale mwaka 1926, na katika muongo huohuo njia kuu ya kwenda Uganda ilipita Turbo, Broderick Falls, ambayo leo ni Webuye, na Bungoma. Tuta la reli hujengwa kwa udongo unaochimbwa kando yake, na mashimo yanayobaki hujaa maji. Wafanyakazi walipanda kutoka maeneo ya chini yenye malaria ya mwaka mzima kwenda kulima mahindi kwenye mashamba ya juu, wakirudi nyumbani na kupanda tena. Kila safari ya namna hiyo ilirudia, kwa udogo, kisa cha askari wa 1918.

Mwaka huohuo wa 1926 Luteni Kanali Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake ya binafsi Kitale. Alikuwa mkusanyaji wa wadudu tangu utotoni, na hasa vipepeo ndio waliomteka moyo. Aliwachoma pini, akawaandikia lebo, na akachapisha jarida lake mwenyewe la makumbusho. Alikufa mwaka 1966, akiwa amewaachia Wakenya mkusanyiko wake pamoja na fedha za kuuhifadhi, na mwaka 1974 Makumbusho ya Kitale yakafunguliwa kwa umma. Ninamtaja kwa sababu moja. Lebo ndogo chini ya pini, yenye mahali na tarehe, ndiyo inayomgeuza mdudu aliyekufa kuwa ushahidi. Laiti shauku ile ya miaka arobaini ingemfuata pia mbu, kijiji kwa kijiji kuanzia Endebess hadi Cherangani, tungekuwa leo na hazina ambayo hakuna fedha inayoweza kuinunua, kwa kuwa mwaka 1930 haurudi.

Waliowafuata mbu kwa dhati walikuwa wachache, na karibu wote walikuwa waajiriwa wa serikali ya kikoloni. C. B. Symes, mtaalamu wa wadudu katika idara ya tiba, aliwachunguza Anofelesi sehemu nyingi za Kenya. Percy Cyril Claude Garnham aliingia Kenya mwaka 1925 akiwa daktari kijana, akafanya kazi Kisumu, na mwaka 1929 akaandika juu ya malaria ya mji huo. Kisumu ikawa kitovu. Huko ndiko Alexander John Haddow, Mskoti aliyekuja kuwa mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alipowahesabu mbu ndani ya nyumba za msonge mwanzoni mwa miaka ya 1940, huku akipima joto na unyevu wa hewa humo ndani. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 1942. Umuhimu wake kwa watu wa nyanda za juu ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Mbu aliyeshiba damu mara nyingi hakai kwenye baridi ya nje. Hukaa ukutani au chini ya makuti na nyasi za paa, pamoja na moshi, binadamu na pengine ndama. Joto linalomhusu ni lile la ndani ya nyumba, si lile linalopimwa na kituo cha hali ya hewa uwanjani.

Garnham naye alikutana na jambo lililowashangaza wenzake. Katika eneo la Londiani, kwenye misitu iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, malaria ililipuka wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alitoa habari zake katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1945, kisha akaandika tena kwa kirefu mwaka 1948. Walowezi walikuwa wameamini kwamba juu ya kimo fulani mtu yuko salama, na imani hiyo iliongoza hata uchaguzi wa mahali pa kujenga nyumba. Londiani iko juu kuliko Kitale kwa mamia ya mita. Kama gambiae aliweza kufika Londiani na vimelea vikakomaa ndani yake, basi hakuna mstari wowote wa kimo uliokuwa ukiilinda Kitale.

Inafaa tueleze kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa kuwa haijabadilika sana hadi leo. Alfajiri, kabla milango haijafunguliwa wazi, wakusanyaji huomba ruhusa kwa mwenye nyumba. Vyakula na vyombo hutolewa nje. Shuka nyeupe hutandazwa sakafuni, juu ya kitanda na kila mahali, kisha dawa ya pareto hupulizwa hewani, dawa itokanayo na ua ambalo wakulima wa nyanda za juu za Kenya walilifanya zao kubwa la kuuza nje. Baada ya dakika kama kumi shuka hukunjwa kwa uangalifu kutoka pembeni na kutolewa mwangani. Mbu walioanguka huokotwa mmoja mmoja kwa koleo ndogo: wenye damu huku, wenye mayai kule, watupu kwingine. Wengine hukamatwa wakiwa hai kwa mrija unaovutwa kwa pumzi ya mdomo. Viluwiluwi huchotwa madimbwini kwa upawa mweupe wenye mpini mrefu. Kwa miaka mingi palikuwa pia na njia ya mtu kukaa usiku kucha miguu wazi, akimkamata kila mbu anayetua kabla hajauma. Waliokaa hivyo walikuwa wenyeji. Majina yao hayamo katika makala za kisayansi za wakati ule, wakati majina ya mbu waliowakamata yamo yote, na hilo ni deni ambalo halijalipwa.

Miaka ya 1950 ilikuja na matumaini makubwa ya dawa. Huko Nandi, J. M. D. Roberts aliongoza ugawaji wa vidonge vya pyrimethamine kwa umma, na baadaye nyumba zikapuliziwa dieldrin, dawa ya kuua wadudu, na mlipuko uliozoeleka ukadhibitiwa. Upande wa mpaka wa Tanganyika, mradi wa Pare na Taveta wa mwaka 1954 hadi 1959 ulipulizia dieldrin nyumba nyingi, na funestus akatoweka majumbani. M. T. Gillies na A. Smith waliripoti mwaka 1960 kwamba baada ya funestus kuondoka, ndugu yake aitwaye rivulorum, asiyejali sana damu ya mtu, aliongezeka. Huo ulikuwa uthibitisho kwamba ramani ya mbu haikai ilivyochorwa. Ukimwondoa mmoja, nafasi yake haibaki tupu.

Mwaka 1959 maradhi yenyewe yaliichora ramani. Homa ya o'nyong'nyong ilianza kaskazini mwa Uganda, ikasambaa hadi Kenya na Tanganyika, na inakadiriwa kuwa iliwapata watu milioni 2 kabla ya kutulia mwaka 1962. Walioumwa walishindwa kusimama wima kwa maumivu ya viungo. Watafiti wa Entebbe, Haddow akiwa miongoni mwao, waligundua kwamba virusi vyake vinabebwa na funestus na gambiae, jambo la ajabu kwa kuwa virusi vingi vya namna hiyo hubebwa na mbu wa jamii nyingine. Kila kijiji kilichougua kilikuwa kimejitangaza kwamba kina Anofelesi wa kutosha.

Kisha wanasayansi wenyewe wakayatia shaka yale waliyokuwa wameandika kwa miaka sitini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, George Davidson huko London na Hugh Paterson wa Afrika Kusini waliwapandisha gambiae kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, wakaona kwamba baadhi ya madume waliozaliwa walikuwa tasa. Maana yake ni kwamba aliyeitwa gambiae hakuwa mbu mmoja. Walikuwa spishi kadhaa zinazofanana kwa macho hata chini ya darubini, na mwanzoni ziliitwa kwa herufi tu, A, B na C. Baadaye A akabaki na jina la gambiae na B akaitwa arabiensis. Tofauti yao ni nzito kwa afya ya watu. Gambiae humfuata mtu, huuma ndani ya nyumba na hulala humohumo. Arabiensis huvumilia ukame na hunywa pia damu ya ng'ombe, na mara nyingi huuma na kupumzika nje, mahali ambapo dawa ya ukutani haimfikii.

Mtaliano Mario Coluzzi na wenzake waliwatofautisha kwa kusoma mistari ya kromosomu, kazi iliyohitaji mbu jike aliye katika hatua maalumu ya kukuza mayai na jicho lililozoezwa kwa miaka. Kisumu ilipata kituo cha Shirika la Afya Duniani cha kuchunguza udhibiti wa Anofelesi, na mwaka 1972 G. B. White alichapisha utafiti wake juu ya kundi hili na malaria ya viunga vya mji huo. Mwaka 1993 ikaja njia ya kupima jeni ambayo huhitaji mguu mmoja tu wa mbu. Lakini njia hiyo inasema juu ya mbu wa leo. Lebo za zamani zisemazo "gambiae" ambazo mbu wake hawakuhifadhiwa haziwezi kuulizwa tena. Katika nchi ya ng'ombe wa maziwa kama Trans Nzoia, ambako arabiensis angeweza kupata damu bila kumgusa mtu, huo ni upotevu unaoniuma kila ninapoufikiria.

Kazi ya kuzikusanya rekodi zote pamoja ilikuja kufanywa na kizazi cha kompyuta. Mwaka 2010 Robi Okara na wenzake, wakiwemo Charles Mbogo, Noboru Minakawa na Robert Snow, walichapisha ramani ya mbu wakuu wa malaria nchini Kenya. Walipekua makala, tasnifu na ripoti ambazo hazikuchapishwa, wakapata maeneo 498 yaliyochunguzwa kati ya mwaka 1990 na 2009. Zaidi ya nusu ya maeneo hayo yalichunguzwa tangu mwaka 2005. Arabiensis aliripotiwa katika maeneo 244 na funestus katika 265. Na katika maeneo 174 kilichoandikwa ni kundi la gambiae tu, bila kusemwa ni spishi gani ya kundi hilo, yaani miongo kadhaa baada ya kujulikana kwamba kundi hilo lina wengi ndani yake.

Ukiitazama ramani ya namna hiyo, nukta husongamana pwani, kandokando ya Ziwa Viktoria na kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea. Ni mahali penye malaria nyingi au mradi mkubwa, na palipo na maabara karibu. Nafasi tupu haina sauti. Haisemi kama mtu alifika, akatandaza shuka, akakosa mbu, au kama hakuna aliyefika kabisa. Kwa mchora ramani mambo hayo mawili yana tofauti ya mbingu na ardhi, lakini kwenye karatasi hufanana.

Hadithi ya Bungoma ilibadilika kwa vyandarua. Kenya iligawa vyandarua vyenye dawa kwa wingi mwaka 2006 na mara kadhaa baadaye. Kando ya ziwa, Nabie Bayoh na wenzake walionyesha mwaka 2010 jambo ambalo wazee wa Kisumu wasingeliamini: kati ya mbu wa kundi la gambiae waliopumzika majumbani, gambiae halisi, aliyekuwa karibu asilimia 85 katika rekodi za mwaka 1970 hadi 1998, alishuka hadi asilimia 1 mwaka 2009. Arabiensis ndiye aliyebaki. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu watu wa vituo vya Kisumu walikuwa wameandika miaka ya 1970, tena kwa usahihi wa spishi.

Kaskazini zaidi, kuelekea mpaka wa Uganda, mambo hayakwenda hivyo. Katika Teso na Bungoma gambiae halisi aliendelea kutawala majumbani, vyandarua vikiwapo. Eric Ochomo na watafiti wenzake wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, huko Kisumu, walipowapima mbu wa magharibi mwa Kenya, walikuta usugu dhidi ya dawa za jamii ya pyrethroid, ambazo ndizo zinazotiwa kwenye vyandarua na ambazo kemia yake iliigwa kutoka ua lile la pareto. Sehemu ya usugu huo hutokana na badiliko dogo la jeni linalouzuia mwili wa mbu kushikwa na dawa, badiliko ambalo kwa mara ya kwanza lilielezwa mwaka 2000 katika mbu wa magharibi mwa Kenya. Kimaeti, katika Kaunti ya Bungoma, ni mojawapo ya vituo ambavyo watafiti wamekuwa wakivirudia mwaka baada ya mwaka. Ni nchi ya wakulima, na dawa za kuua wadudu shambani huishia madimbwini pamoja na maji ya mvua, ambako viluwiluwi huoga tangu siku ya kwanza. Webuye nako, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na washirika wao wamewafuatilia mbu na wagonjwa nyumba kwa nyumba.

Takwimu za serikali zinaonyesha faraja na hofu kwa pamoja. Katika ukanda wa ziwa, unaojumuisha Bungoma, kiwango cha watoto wenye vimelea kilishuka kutoka asilimia 38 mwaka 2010 hadi 27 mwaka 2015 na 19 mwaka 2020. Trans Nzoia imo katika ukanda wa nyanda za juu wenye milipuko, ambako kiwango hicho ni kidogo sana. Udogo huo ndio unaoinyima nukta kwenye ramani. Fedha za utafiti hufuata wagonjwa, na hapo sina lawama kwa yeyote, kwa kuwa mtoto anayekufa Bungoma leo hawezi kuambiwa asubiri. Lakini watoto wa Kitale hawana kinga, kama ilivyokuwa kwa watoto wa Nandi mwaka 1918.

Nchi yenyewe nayo haijasimama. Mabonde ya magharibi mwa Kenya yalikuwa na vinamasi vya mafunjo vyenye kivuli na maji baridi, ambako gambiae hapendi kutaga. Mafunjo yakifyekwa ili papandwe sukuma wiki na nduma, mifereji inayobaki hupata jua, maji hupata joto, na viluwiluwi hukomaa upesi. Huko Kakamega, Yaw Afrane, Andrew Githeko na wenzao walionyesha pia kwamba miti ikikatwa, hata nyumba za eneo hilo huwa na joto zaidi, na mbu huumeng'enya mlo wake na kutaga mapema. Karibu na Kitale kuna Saiwa, mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya swala wa majini aitwaye sitatunga. Kinamasi chake kingali kizima huku mashamba yakikizunguka pande zote. Ningependa sana kuona mbu wa Saiwa wakilinganishwa na mbu wa bonde lililolimwa umbali mfupi kutoka hapo.

Sasa yuko mbu mwingine, na huyu hakuhitaji kupanda kutoka ziwani. Anopheles stephensi ni mbu wa miji ya Asia ya Kusini na Uarabuni. Hutaga katika matangi, mapipa na visima, na kiangazi hakimtishi maadamu watu wanahifadhi maji. Aligunduliwa Djibouti mwaka 2012. Mwaka huo nchi hiyo iliripoti wagonjwa 27 wa malaria, na mwaka 2020 wakawa zaidi ya 73,000. Alionekana Ethiopia, kisha Somalia, na mwanzoni mwa mwaka 2023 KEMRI ikatangaza kwamba amepatikana Marsabit, katika maeneo ya Laisamis na Saku. Baadaye akathibitishwa Turkana.

Kutoka Lodwar hadi Kitale ni karibu kilomita 300 za barabara moja, kupitia Kapenguria na Makutano. Mahindi hupanda malori Kitale kwenda Turkana na kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na malori hurudi na mapipa, matairi na makontena. Baridi ya Kitale inaweza kumzuia stephensi, na inaweza isimzuie. Tangi jeusi la plastiki lililoanikwa juani nyuma ya duka lina joto lake, tofauti na joto la mji, kama Haddow alivyoonyesha kwamba nyumba ya msonge ina hewa yake.

Mvua ya Trans Nzoia huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Oktoba au Novemba. Kabla haijaanza, maji ya mjini yako kwenye vyombo, na hapo ndipo stephensi anapotafutwa kwa urahisi. Upawa, tochi, vichupa na kalamu ya risasi havizidi uwezo wa kaunti. Wahudumu wa afya ya jamii wanaijua kila nyumba, na maabara ya kupima mguu wa mbu iko Kisumu, safari ya siku moja. Kazi ianzie Makutano, ishuke stendi ya Kitale, ifuate barabara hadi Kiminini na Kamukuywa. Na tangi lililochunguliwa likakutwa halina kiluwiluwi liandikwe vilevile: mahali, tarehe, ukubwa wa tangi, na neno "hakuna".